Mteja asiyekataa neno: usingizi, msiba na utiifu katika kisa kimoja cha ushauri nasaha

Mtu ninayemwandika hapa si mtu mmoja. Nimekusanya mambo yanayojirudia kwa wateja wengi watu wazima, nikabadilisha kazi, familia na tarehe, nikayaweka kwa mwanamke mmoja ili asitambulike yeyote. Mazungumzo nayo nimeyaandika upya kwa nia hiyo hiyo. Nilichokiacha kama kilivyo ni mwendo wa kazi: tatizo lilivyojionyesha mwanzoni, lilivyojificha katikati, na kwa nini njia moja ya tiba isingetosha kulifungua.

Ana miaka 46, ni mhasibu, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Alikuja kwa ajili ya usingizi. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akishtuka saa nane za usiku moyo ukimwenda mbio, kisha anakaa macho mpaka alfajiri akipiga hesabu za kesho: deni gani lilipwe, nani atumiwe fedha, mdogo wake yupi hajapiga simu. Mchana alifanya kazi kama kawaida na wenzake hawakujua lolote. Nilipomuuliza habari za familia alitaja, kati ya swali la dawa na swali la ndoa, kwamba mama yake alifariki miezi 14 iliyopita baada ya kuugua muda mrefu, na kwamba yeye ndiye aliyemuuguza. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia kwamba hana mzio wa dawa. Kisha akangoja swali linalofuata.

Namna yake ya kungoja ndiyo niliyoiandika kwanza kwenye kumbukumbu za kikao. Aliniita daktari, nikamweleza kwamba mimi ni mshauri nasaha. Akasema, "Samahani, mwalimu," na kuanzia hapo nikawa mwalimu. Aliuliza mkoba wake auweke chini au mezani. Kila nilipopendekeza jambo alijibu "sawa" kabla sijalimaliza. Adabu ni jambo jema, na mtu anayekutana na mgeni huwa na adabu, kwa hiyo sikuifanya dalili ya ugonjwa. Niliiandika tu, ikae.

Tulijaza hojaji ya kupima sonona, PHQ-9, ile ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, ambayo kila jibu hupewa alama 0 hadi 3 na jumla ya juu kabisa ni 27. Alipata 17. Alama 15 hadi 19 huhesabiwa kuwa sonona ya wastani inayoelekea kuwa kali. Swali la tisa, linalouliza kama mtu amewaza kwamba ni heri afe au ajidhuru, alilipa alama 1. Mshauri hapaswi kulipita jibu hilo kwa sababu tu jumla inajieleza. Nilimuuliza waziwazi: mawazo hayo huja lini, yanasemaje, kuna mpango, kuna kitu karibu cha kujidhuru nacho, nini kinamzuia. Alisema hajawahi kufikiria kujiua, kinachomjia ni kutamani asiamke, "nipumzike tu." Hakuwa na mpango. Hata hivyo tuliandika pamoja karatasi ya usalama: dalili za hali kuwa mbaya, watu wawili wa kupigia simu, na huduma ya dharura. Swali hilo nililirudia kila kikao, hata pale alama zake ziliposhuka.

Jambo la pili la kikao cha kwanza lilikuwa kumwomba aonwe na daktari. Mwanamke wa miaka 46 anayeshtuka usiku akiwa na jasho na mapigo ya haraka anaweza kuwa anaelekea kukoma hedhi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta hali inayofanana na hiyo, na upungufu wa damu huufanya moyo ukimbie. Nimeona washauri wanaoanza kufasiri ndoto za mtu ambaye angehitaji kwanza kipimo cha damu. Tiba ya mazungumzo inaweza kuendelea huku majibu yakisubiriwa, ila haina haki ya kuchukua nafasi ya vipimo. Tezi na damu zilionekana kuwa sawa. Kuhusu hedhi daktari aliona kweli kuna mabadiliko, akaanza kumfuatilia. Hilo nitalirudia.

Njia ninayoifuata ni ile ya kuunganisha aina mbalimbali za tiba ya mazungumzo. Watu wengi huisikia kama ruhusa ya kuchanganya chochote: leo kupumua, kesho utoto, keshokutwa orodha ya mawazo mabaya. Sivyo. Saul Rosenzweig aliandika mwaka 1936 kwamba tiba zinazopingana kwa nadharia huenda zinasaidia kwa sababu ya yale zinayoshirikiana bila kuyataja. Baadaye wengine walitafuta njia ya kuziunganisha nadharia zenyewe. Paul Wachtel, mwaka 1977, alionyesha kwamba saikolojia ya undani, ile inayotafuta hisia na kumbukumbu zilizojificha, na tiba ya tabia zinaweza kukutana mahali pamoja: mtu hubeba hofu ya zamani, hofu hiyo humfanya aishi kwa namna fulani leo, na namna hiyo ya kuishi huwafanya watu wa leo wamjibu kwa njia inayoithibitisha hofu yake. Mduara huo unaweza kuvunjwa popote, zamani au sasa. Kwa hiyo kazi ya mshauri anayeunganisha ni kujua anaukata wapi, kwa zana gani, na kwa nini wakati huu. Akishindwa kujibu maswali hayo matatu, anachanganya tu.

Mpango wa mwanzo ulikuwa wa kawaida na ninauona bado kuwa wa busara. Kukosa usingizi kwa muda mrefu kuna tiba yake ya mazungumzo na tabia, na ndiyo inayopendekezwa kwanza, kabla ya vidonge. Sehemu moja ilitokana na kazi ya Richard Bootzin ya mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulala tu, ukikaa macho muda mrefu, toka, kaa kwingine, rudi usingizi unapokuja. Sehemu nyingine ni ya Arthur Spielman na wenzake, 1987: muda wa kukaa kitandani hupunguzwa ulingane na muda mtu anaolala kweli, kisha huongezwa kidogo kidogo kadiri usingizi unavyojikusanya. Hesabu yote hutegemea karatasi ambayo mteja anaijaza kila asubuhi: alipanda kitandani saa ngapi, alipata usingizi saa ngapi, aliamka mara ngapi, alitoka saa ngapi. Mhasibu na karatasi ya safu na mistari, nilidhani vinafaana.

Na kweli vilionekana kufaana. Wiki baada ya wiki alileta karatasi safi. Usingizi ulitoka saa nne na nusu kwa usiku ukafika saa sita, kisha saa saba. PHQ-9 ilishuka hadi 6. Alikuwa akinishukuru mlangoni. Kwa kuwa karatasi zilionyesha analala karibu muda wote anaokaa kitandani, kanuni ilitaka tuongeze muda wa kitandani, nasi tukaongeza robo saa, na wiki iliyofuata robo saa nyingine. Ila macho yake yalikuwa mekundu kuliko mwanzo, na mara moja alisinzia kidogo katikati ya sentensi yangu.

Niliupeleka mkanganyiko huo kwa msimamizi wangu wa kitaaluma. Hakuniuliza kuhusu usingizi. Aliuliza: "Mteja huyu amewahi kukukatalia jambo lolote?" Nilitafuta jibu katika kumbukumbu za vikao vyote nisilipate.

Kikao kilichofuata niliisoma karatasi kwa namna nyingine, kama maandishi ya mtu na si kama takwimu. Wino ulikuwa mmoja tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na mwandiko ulikuwa na kasi moja, bila kupinda popote, kama ulioandikwa kwa mkao mmoja. Saa zote ziliishia kwenye kamili au nusu. Na mstari wa chini kabisa, wa usiku wa siku hiyo hiyo tuliyoketi, usiku uliokuwa bado kuingia, ulikuwa umeshajazwa: kulala saa nne na nusu, kuamka saa kumi na moja na nusu, sikuamka katikati.

Hapo njia zinaachana, na ni vizuri kusema kila moja ingefanya nini. Mtaalamu wa mawazo na tabia angeuliza kikwazo cha kujaza karatasi asubuhi, watengeneze njia rahisi zaidi. Wa saikolojia ya undani angeona uhamisho wa hisia: mimi nimewekwa kwenye kiti cha mtu mwingine, mtu wa kuridhishwa. Anayemfuata Carl Rogers, mwanzilishi wa tiba inayomweka mteja katikati, angeona mtu aliyejifunza kwamba hupendwa kwa masharti, na kwamba sharti kubwa ni kutosumbua. Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza kwa miaka mingi mipasuko ya uhusiano kati ya mteja na mtaalamu, walitofautisha wa kukabiliana na wa kujitoa. Wa kukabiliana unausikia: mteja anakasirika, analalamika, anasema hutoshi. Wa kujitoa haupigi kelele. Mteja anakubali kila kitu, na taratibu hayupo tena ndani ya kikao. Huo wa pili ndio ninaoamini unaoharibu kazi nyingi zaidi, kwa sababu unafanana na mafanikio.

Nilichochagua ni kuutaja mpasuko kabla ya kuufasiri. Niligeuza karatasi imwelekee, nikasema: "Naona usiku wa leo umeshaandikwa."

Alitazama. Rangi ya uso ikabadilika. "Samahani, mwalimu. Nitairudia."

"Sikuombi uirudie. Nataka kujua ilikuwaje ulipokaa kuiandika."

Alinyamaza muda mrefu. Nikaacha ukimya ukae, ni vigumu kuuacha unapoona mtu anateseka, lakini kumuokoa mapema kungekuwa kumpa ruhusa ya kurudi kwenye "sawa." Mwishowe alisema: "Niliona unafurahi. Wiki ile ya kwanza niliandika kweli, ukakunja uso kidogo. Nikasema, mtu huyu anajitahidi, nimvunje moyo kwa nini?"

Nilimwambia kwamba inawezekana kabisa nilikunja uso, na kwamba namshukuru kwa kunieleza. Nilimuuliza ilikuwaje kulala macho usiku kucha, kisha asubuhi kuandika kwamba umelala. Ndipo akaeleza jambo ambalo sikuwa nimeliuliza.

Usiku mama yake alipofariki, yeye alikuwa amekaa naye wodini siku kadhaa. Muuguzi wa zamu alimwangalia akamwambia kwa upole, "Dada, umechoka mno. Nenda ukalale, tutakuita." Hakutaka kwenda. Lakini aliyesema alikuwa mtaalamu, alisema kwa nia njema, na yeye hajui kumkatalia mtu wa namna hiyo. Alienda. Akalala usingizi mzito, wa kwanza baada ya wiki nzima. Simu ilipigwa hakuisikia. Aliamka alfajiri, mama amekwisha kuondoka tangu saa nane.

Kila kitu tulichokuwa tukifanya kilibadilika maana hapo. Mtaalamu mpole alikuwa amemwambia tena: nenda ukalale. Naye, kama mara ya kwanza, hakuweza kukataa. Ila mwili wake ulikuwa umejifunza gharama ya kutii, ukawa unamwamsha saa ile ile kila usiku. Alibanwa kati ya amri mbili zisizopatana, umtii mwalimu na usilale kamwe, na karatasi ya uongo ilikuwa njia pekee ya kuzitimiza zote mbili. Alinitii kwenye karatasi, akakesha kitandani. Na kwa kuwa hesabu yetu ilijengwa juu ya karatasi, kila robo saa tuliyoongeza ilimpa robo saa zaidi ya kulala macho gizani. Tiba yenyewe ilikuwa inaulisha ugonjwa.

Nimeulizwa na wenzangu kwa nini nisiseme tu kwamba alikuwa na ombolezo la muda mrefu na kuanzia hapo. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inataja hali hiyo kama ugonjwa pale ombolezo zito linapodumu angalau miezi 6, na DSM-5-TR ya mwaka 2022, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, inataka miezi 12 kwa watu wazima. Kwa miezi alikuwa amefika. Lakini kiini cha utambuzi huo ni kumtamani marehemu bila kukoma au kuzama katika kumfikiria, na yeye mchana hakumfikiria mama kabisa. Alikuwa amejaza kila dakika na shida za wengine. Ningempa jina la ugonjwa angelikubali kwa "sawa" na tusingesogea.

Tulichora badala yake. Anthony Ryle, aliyebuni tiba inayounganisha mtazamo wa mawazo na ule wa undani, alifundisha kutafuta majukumu yanayokwenda kwa jozi: mtu akijifunza utotoni nafasi moja, anaijua pia ya pili, na maisha yote anakaa upande mmoja huku akiwavuta wengine wakae upande wa pili. Kwenye karatasi kubwa tuliweka juu anayedai na chini anayetoa. Alijaza mwenyewe. Alipokuwa na miaka tisa mama aliugua mara ya kwanza, akawa ndiye anayewalisha wadogo zake. Hakumbuki mtu aliyemuuliza kama amekula. John Bowlby, aliyechunguza kifungo cha mtoto na mlezi wake, aliwaeleza watu wa aina hii: wanaotunza wengine bila kukoma, wakijipatia ukaribu kwa kutoa huku wakizificha haja zao wenyewe. Mshale wa kwanza ukatoka kwa "natoa" kwenda "wanazoea", wa pili kwenda "wanadai zaidi", wa tatu kwenda "nikikataa nitaachwa", na ukarudi juu. Ulikuwa mduara wa Wachtel, kwa mwandiko wake. Pembeni nilikuwa nimeandika "hasira kwa mama". Aliisoma, akachukua kalamu, akaikata, akaandika: "Hasira kwa muuguzi. Na kwangu."

Nilifurahi kuliko nilivyofurahia alama 6. Ilikuwa mara ya kwanza kunisahihisha, na alikuwa sahihi. Edward Bordin alisema mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa tiba una sehemu tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufikia lengo, na kifungo cha kuaminiana kati ya wawili. Sisi tulikuwa na heshima nyingi tukadhani ni kifungo, na tulikuwa na kazi ambazo mmoja alizitoa na mwingine akazipokea. Ushirikiano ulianza kwenye lile neno lililokatwa.

Kazi ya msiba ilichukua sehemu kubwa ya vikao vilivyofuata na sitaieleza yote. Nilitumia mwongozo wa Margaret Stroebe na Henk Schut wa 1999, unaosema mfiwa mwenye afya huenda na kurudi: mara huelekea kwenye upotevu, hulia, hukumbuka; mara huelekea kwenye kupanga maisha upya, hata hucheka. Shida huja mtu anapokwama upande mmoja. Huyu alikuwa amekwama kwenye kupanga. Kwa hiyo tulitenga nafasi ya upotevu ndani ya kikao, yenye mwanzo na mwisho, na dakika za mwisho tukazitumia kurudi kwenye mambo ya siku, ili asitoke mlangoni akiwa amezama.

Mara moja tulitumia kiti kitupu, ambapo mteja huongea na mtu asiyekuwepo kana kwamba amekaa mbele yake, mbinu iliyotoka katika tiba ya Gestalt na kuendelezwa na Leslie Greenberg katika tiba inayolenga hisia. Nilimweleza mapema ni nini na kwamba anaweza kusema hapana. Alikubali baada ya wiki moja ya kufikiri, jambo ambalo kwangu lilikuwa na uzito kuliko mbinu yenyewe. Sikumwomba aongee na mama kwanza. Yeye alimtaka muuguzi. Alimwambia yule wa kwenye kiti: "Ulisema mtaniita." Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kisha hasira ikavunjika ikawa kilio cha mtu aliyechoka sana. Baadaye, bila kuombwa, alikaa yeye kwenye kile kiti na kujibu kama muuguzi: simu ilipigwa, wodi ilijaa, na mtu asiyelala siku tano asingeisikia. Sikuongeza neno. Kama ningemwambia mimi kwamba hana hatia, angejibu "sawa, mwalimu."

Ndipo tukarudi kwenye usingizi. Sikuuacha mpango wa Bootzin na Spielman, kwa sababu haukuwa mbaya. Ulikuwa umekuja kabla ya wakati wake na kwa sauti ya amri. Safari hii nilimweleza kila kanuni na sababu yake, hata tahadhari zake, kwamba kupunguza muda wa kitandani huongeza kusinzia mwanzoni na mtu hapaswi kuendesha gari akiwa hivyo, na kwamba muda huo haushushwi chini ya jumla ya saa tano kwa usiku. Nikamwomba aseme ipi anaichukua na ipi anaiacha. Aliichukua ya kutoka kitandani, akakataa ya kupunguza muda mpaka afunge hesabu za mwisho wa mwezi. Karatasi ilipunguzwa kuwa safu tatu tu. Tulikubaliana kwamba usiku asioujaza aache wazi.

Nje ya chumba jaribio lilikuwa dogo kuliko watu wanavyodhani. Nilitaka kujua nini hutokea asipotoa jibu papo hapo. Mdogo wake alipoomba fedha, alisema, "Nitaangalia, nitakujibu kesho." Kabla ya kupiga simu aliandika anachotabiri: atakasirika, atanikatia simu, atawaambia wengine nimebadilika. Mdogo wake alisema haya dada, hakuna shida. Mwingine, wa tatu kuzaliwa, alikasirika kweli na hakuzungumza naye kwa wiki mbili. Yote mawili tuliyaandika. Ni muhimu kutoficha la pili, maana mduara haukuwa wa kufikirika tu. Kuna watu waliofaidika na kutoa kwake na hawakufurahi alipopunguza.

Alama zake zilipanda. Kutoka 6 zilienda 14 baada ya kikao cha karatasi, na mtu anayesoma takwimu peke yake angesema tiba imeharibika. Kuna mifumo mizuri ya kufuatilia maendeleo ya mteja kwa hojaji kila kikao, na ninaitumia, kwa sababu humwonya mtaalamu mapema pale mteja anapozorota. Lakini mfumo huo hauwezi kumwona mtu anayezorota huku akijaza vizuri. Ile 6 ilikuwa adabu. Ile 14 ilikuwa ya kweli, na kutoka hapo ilishuka polepole, kwa kupanda na kushuka, mpaka 7. Jibu la swali la tisa lilifika 0, nami niliendelea kuuliza kwa mdomo.

Nilipopendekeza vikao vichache zaidi kwa sababu ya mgogoro na mdogo wake, alisikiliza mpaka mwisho na kusema hataki. Anataka kuona atakavyokwenda bila kuja kila wiki. Tulipanga kikao kimoja cha kuangalia hali, kabla ya kumbukumbu ya pili ya kifo cha mama, kwa kuwa siku za namna hiyo huwarudisha watu nyuma.

Mwenzangu anayefanya tiba ya mawazo na tabia peke yake alinipinga kwa haki. Alisema mtaalamu mzuri wa njia hiyo angeiona karatasi ya uongo, angeuliza imani iliyo nyuma yake, na angefika kwa muuguzi bila kumtaja Bowlby wala Ryle. Nakubali kwamba angeweza. Pengine pia wa saikolojia ya undani angefika, kwa muda mrefu zaidi. Hoja yangu ni finyu kuliko anavyodhani. Kilichotakiwa baada ya kufika hakikuwa kitu cha aina moja: mpasuko ulihitaji kutajwa ndani ya uhusiano, msiba ulihitaji hisia zisizo na karatasi, ndugu walihitaji jaribio la vitendo, na usingizi ulihitaji kanuni zile zile kavu za mwanzo. Ningezipanga kinyume, kila moja ingepata "sawa."

Kuna jambo linalonizuia kujivunia matokeo. Katika kipindi hicho hicho daktari alimwanzishia matibabu ya mabadiliko ya hedhi, na jasho la usiku likapungua. Sehemu ya usingizi uliorudi huenda ni ya matibabu hayo, sehemu ni ya muda kupita, na sehemu ni ya kazi tuliyoifanya; kwa kisa kimoja hakuna njia ya kuzitenganisha. Kwenye faili nimeandika hivyo. Bado huamka saa nane baadhi ya usiku. Mara nyingi hulala tena ndani ya nusu saa, mara nyingine halali, na mdogo wake wa tatu hajarudisha mazungumzo ya kawaida. Barua ya kufunga kazi imekwenda kwa daktari wake kwa ridhaa yake ya maandishi, ikiomba hedhi na hali ya moyo wake kihisia vifuatiliwe pamoja.